Jioni na Enaiposha: tathmini ya onyesho la nyota mjini Lubumbashi

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, wakati baridi ya kiangazi cha Lubumbashi inapomlazimisha hata mtu mgumu kuvaa koti, niliwachukua binti yangu na mpwa wangu kwenda kwenye onyesho la nyota ambalo tangazo lake lilikuwa limebandikwa ukutani mwa duka la vifaa vya shule karibu na kwetu. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa kwamba tungeiona kwa macho yetu wenyewe sayari ya moto inayozunguka nyota ndogo. Kiingilio kilikuwa faranga 10,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mtoto, kwa hiyo nililipa faranga 20,000 kwa watu watatu, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale watakaoliona tangazo hilo na kujiuliza kama fedha yao itakwenda mahali pake. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa ni vijana ambao ndio kwanza wanaanza kazi hii, na mengi ninayowalaumu wanaweza kuyarekebisha katika juma moja.

Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili jioni. Onyesho lilianza karibu saa moja, baada ya umeme kukatika na jenereta kukataa kuwaka mara tatu. Jambo hilo kila mkazi wa mji huu analifahamu na sitawahukumu kwalo, ingawa nitawahukumu kwa kuiweka jenereta chini ya dirisha la ukumbi, mahali ambapo mngurumo wake ulimfanya msemaji apige kelele kwa saa nzima na watu wa viti vya nyuma wabaki wakikisia maneno.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya picha kwenye projekta. Sayari waliyoichagua inajulikana katika orodha za wanafalaki kama GJ 1214 b, na uchaguzi huo ulikuwa mzuri, kwa sababu ni miongoni mwa sayari za mbali zilizochunguzwa kwa subira kubwa kuliko nyingi. Iligunduliwa mwaka 2009 na kundi la mwanafalaki David Charbonneau katika mradi ulioitwa MEarth, ambao ulitumia darubini nane za upana wa sentimita 40 tu kila moja, zilizowekwa katika Mlima Hopkins huko Arizona, Marekani. Nyota ambayo sayari hiyo inaizunguka ni kibete nyekundu: upana wake ni kama sehemu moja ya tano ya upana wa Jua, na nuru yote inayotoa haifiki hata nusu ya asilimia moja ya ile ya Jua letu. Sayari yenyewe ina upana wa takriban mara 2.7 ya Dunia, uzito wa takriban mara 8, na inamaliza mzunguko wake mzima kwa muda wa saa 38 hivi, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa huko angekuwa ametimiza mwaka kabla ya mama yake kutoka hospitali.

Msemaji aliyaeleza haya vizuri. Swali la nyota hafifu kupasha moto sayari yake alilijibu kwa mfano wa mbabula, yaani jiko la makaa, mfano ambao kila aliyekuwa ukumbini aliuelewa bila kutafsiriwa: mtu aliyeinama juu ya mbabula yenye makala machache hupata joto kuliko yule aliyesimama ng'ambo ya barabara akitazama nyumba inayoungua. Sayari hii, ambayo pia huitwa Enaiposha, jina ambalo nitalieleza punde, iko umbali wa kilomita milioni 2 na kidogo kutoka kwa nyota yake, ambao haufiki hata mara sita ya umbali uliopo kati yetu na Mwezi, wakati Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua kuliko sayari zote za kwetu, iko umbali wa wastani wa kilomita milioni 58. Ningeongeza jambo ambalo hakulisema. Kama mtu angeweza kuelea juu ya mawingu ya sayari ile, angeiona nyota yake ikiwa pana mara 14 au 15 kuliko tunavyoliona Jua, karibu upana wa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso, na rangi yake ingekuwa ya manjano yenye wekundu kama ya balbu ya zamani yenye waya, tofauti na ule weupe wa moto wa mchomelea vyuma.

Kisha ikaja picha ambayo ndiyo lalamiko langu la kwanza la kweli. Ukutani ilitokea sayari ya rangi ya zambarau na buluu, yenye mistari ya mawingu laini, na nyuma yake nyota nyekundu inayong'aa pembeni, na msemaji akasema, "Hii ndiyo picha yake." Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliinua simu na kuipiga picha ile picha. Lakini ule ulikuwa mchoro wa msanii, uliotengenezwa ili kuwasaidia wasomaji wa magazeti wawe na kitu cha kutazama. Hakuna darubini, iwe ya ardhini au ya angani, iliyowahi kuuona uso wa sayari hii, wala kuitenganisha na nyota yake ikaonekana kama nukta ya peke yake. Kila tunachokijua kuihusu kimetokana na kupima nuru ya nyota na ya sayari zikiwa zimechanganyika. Sentensi moja tu, "huu ni mchoro," ingetosha, wala isingempunguzia mtu furaha yoyote. Badala yake yule mama alikwenda nyumbani na kitu ambacho huenda amekwisha kukituma kwa jamaa zake wote kama picha halisi.

Kuhusu jina waandaaji walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, uliokuwa umeyaalika mataifa kupendekeza majina ya nyota kadhaa na sayari zake, ulikubali pendekezo lililotoka Kenya, na tangu hapo nyota inaitwa Orkaria na sayari inaitwa Enaiposha. Yote mawili ni maneno ya Kimaasai: la kwanza ni udongo mwekundu wa kujipaka, la pili ni eneo kubwa la maji, na ndilo neno lililozaa jina la Ziwa Naivasha. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka minane hivi, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ni Kenya gani, hii ya soko?" Watu walicheka sana, kwa kuwa kwa mtoto wa Lubumbashi Kenya ni kwanza kabisa ile komini yetu, yaani sehemu ya mji, yenye soko, na nchi huja baadaye. Msemaji naye alicheka, akamjibu kwa heshima, kisha akataja kwamba hata jirani zetu wa Zambia wana nyota yao inayoitwa Natasha, na sayari yake Madalitso. Wale wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa mara kwa mara waliyatambua maneno hayo papo hapo. Dakika hizo tano zilikuwa na thamani, na ninadhani mtu angeweza kujenga jioni nzima juu yake.

Kwa bahati mbaya, kutokana na jina hilo msemaji aliteleza akaanza kuizungumzia sayari hiyo kama "dunia ya bahari", na binti yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna samaki. Ni kweli kwamba wastani wa uzito wa kila sentimita ya ujazo wa sayari hii ni kama gramu 2.2, wakati wa Dunia ni gramu 5.5 na wa maji ni gramu 1, na kwa sababu hiyo watafiti wengi waliwahi kuwaza kwamba huenda ina maji mengi ndani yake. Lakini hata yakiwapo, hayawezi kuwa ziwa lenye ufuo. Kwa joto lile na kwa mgandamizo wa angahewa nene namna ile, maji huacha kabisa kuwa na mpaka kati ya kimiminiko na mvuke, na hakuna mahali ambapo mtu angesema hapa hewa inaishia na hapa bahari inaanzia. Jina ni zuri, nami ninalipenda. Lisigeuzwe tu kuwa ripoti ya hali ya huko.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha yangu, na cha ajabu ni kwamba ndiyo iliyogharimu kidogo kuliko zote. Walizima projekta. Juu ya meza waliweka taa yenye tufe jeupe la kioo, lenye upana wa sentimita 20, na upande wa pili wa chumba, hatua nne hivi, wakaweka simu yenye programu ya kupima mwangaza, kioo chake kikiwa kimeelekezwa kwetu ili tusome namba. Msichana mmoja wa sekondari alishika uzi uliofungwa gololi kubwa ya sentimita mbili na kidogo. Hapo nilielewa kwamba mtu fulani katika kundi lile alikuwa amekaa chini akapiga hesabu, kwa sababu uwiano wa gololi ile na tufe lile ni karibu sawa na uwiano wa Enaiposha na Orkaria.

Namba kwenye simu ilikuwa 212. Msichana akaipitisha gololi polepole mbele ya tufe, karibu kabisa na kioo cha taa, kama alivyoelekezwa. Macho yetu hayakuona taa ikififia hata kidogo. Namba ikashuka hadi 209, ikatulia hapo, na gololi ilipotoka upande wa pili ikarudi 212. Watu hawakusema kitu kwa muda. Kisha mzee mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema, "Rudia, binti yangu." Akarudia mara nne.

Kile kiasi kidogo kilichopungua, takriban asilimia 1.4, ndicho kilichoonekana Arizona mwaka 2009. Hakikuwa na zambarau wala mawingu laini, kilikuwa namba iliyoshuka kwa muda wa dakika 52 hivi, ikarudi, na baada ya saa 38 ikashuka tena kwa kiasi kile kile. Baadaye darubini ya La Silla nchini Chile ilipima jinsi nyota inavyoyumbishwa na sayari yake, na hapo ndipo uzito ulipojulikana. Msemaji alieleza pia kwa nini nyota ndogo ni rafiki wa mtafiti: gololi hiyo hiyo ikipita mbele ya taa yenye upana wa karibu mita moja, ambayo ndiyo ingelingana na Jua, namba ingeshuka kwa chini ya sehemu moja katika elfu, na simu yetu isingegundua chochote. Ndiyo maana darubini nane ndogo, ambazo mtu tajiri wa mjini angeweza kuzinunua, ziliweza kuipata sayari ambayo ingezisumbua hata darubini kubwa kama ingekuwa inazunguka nyota kama ya kwetu.

Jambo moja walilipoteza hapo. Taa ilikuwa ikitumia umeme wa jenereta, na kila mara jenereta ilipokohoa, namba iliruka kutoka 212 hadi 205 na kurudi. Msemaji aliomba radhi na kusubiri itulie. Angeweza kuitumia kama zawadi, kwa sababu nyota vibete nyekundu nazo zina tabia zao: madoa meusi huzunguka pamoja na uso wao, nuru yao hubadilika, na mtafiti hulazimika kuzitenganisha hila za nyota na kivuli cha sayari. Kilichowasaidia ni kwamba kivuli hurudi kwa saa yake kamili, ilhali jenereta hukohoa inapotaka.

Baada ya hapo walikimbia. Kazi ya miaka mingi ya kuichunguza angahewa ya Enaiposha ilipewa dakika mbili na picha moja ya darubini ya James Webb, kisha tukaambiwa kuna chai. Ninaona hilo ni kosa la mpangilio, kwa sababu hapo ndipo kisa kinapokolea. Darubini ya Hubble iliitazama sayari hii ikipita mbele ya nyota yake mara nyingi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 nuru iliyochujwa na angahewa haikuonyesha alama ya gesi yoyote. Ilikuwa bapa, yaani kila rangi ilipungua kwa kiasi kile kile, kama ukuta anaoupapasa mtu gizani akitafuta mlango. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba juu kabisa kuna mawingu au ukungu mzito unaoficha kila kitu kilicho chini yake. Kisha mwezi wa Julai 2022 Webb, yenye kioo cha upana wa mita 6.5 na uwezo wa kuona miali ya joto isiyoonekana kwa macho, iliikodolea macho kwa mzunguko mzima na zaidi, karibu saa 40 mfululizo, ikapima joto la upande unaotazama nyota na la upande ulio gizani. Upande wa mchana ulikutwa na nyuzi 279 za Selsiasi na wa usiku nyuzi 165. Sayari zilizo karibu hivi na nyota zao hutarajiwa kuigeuzia nyota uso ule ule daima, kwa hiyo mchana huo hauna jioni. Na ukungu wake, kinyume na walivyodhani wengi, unaakisi sehemu kubwa ya nuru inayoupiga. Bila hivyo sayari ingekuwa na moto mkali zaidi.

Nuru ambayo Webb iliipokea ilikuwa imesafiri karibu miaka 48. Iliondoka huko kama mwaka 1974, mwaka ule bondia Muhammad Ali alipopigana na George Foreman mjini Kinshasa, wakati mkoa wetu ulipokuwa ukiitwa Shaba. Yule mzee wa safu ya pili angelipenda hilo kuliko mchoro wa zambarau.

Chai, kwa faranga 2,000 pamoja na maandazi mawili, ilikuwa ya moto na yenye tangawizi, na maandazi yalikuwa ya siku ile ile. Sina zaidi la kusema juu yake.

Sehemu ya tatu ilikuwa ya uani, kuanzia saa tatu usiku, kwa darubini moja yenye lenzi ya milimita 70. Watu walikuwa kama sitini, kwa hiyo kila mmoja alipata nusu dakika baada ya kusubiri karibu saa nzima kwenye baridi. Mbingu ilikuwa safi kwa juu, ingawa kando kando moshi wa kuchoma nyasi na wa makala uliifunika kama shuka chafu. Kijana aliyesimamia darubini aliielekeza kwenye nyota nyekundu inayong'aa katika kundi la Nge, na kila aliyeinama aliambiwa, "Ile nyekundu ndiyo nyota yenyewe, sayari iko pale pale, ni ndogo tu."

Hapa sina budi kuwa mkali. Nyota ile ni Antares, na katika mbingu yote ingekuwa vigumu kupata nyota nyekundu iliyo tofauti zaidi na Orkaria. Antares ni jitu: upana wake ni mamia ya mara ya upana wa Jua, na iko mbali nasi miaka nuru mia kadhaa; tunaiona waziwazi kwa sababu ya ukubwa wake wa kutisha. Orkaria ni hafifu kiasi kwamba hata lenzi ile ya milimita 70 haiwezi kuionyesha, na mtu angehitaji darubini pana mara kadhaa, penye giza zuri, ili aone nukta tu. Wekundu wa zote mbili unatokana na uso usio na joto kali kama wa Jua, lakini kufanana kwao kunaishia hapo. Watu sitini waliolipa waliondoka wakiamini wameiona nyota ambayo hawakuiona, na wengi wao walikuwa watoto.

Zamu yetu ilipofika nilimwomba kijana, kwa adabu na nikiwa peke yangu naye kadiri ilivyowezekana, aigeuze darubini kuelekea kaskazini, ngumi tatu hivi kutoka Antares, katika kundinyota la Mshika Nyoka ambalo vitabu huliita Ophiuchus, kwa kuwa huko ndiko Orkaria iliko. Alisita, akanitazama, kisha akafanya hivyo, na ninamheshimu kwa hilo. Mpwa wangu aliinama, akatazama muda mrefu kuliko nusu dakika yake.

"Mjomba, mbona kuna nyota ndogo ndogo tu, na katikati ni giza?"

"Ni humo humo gizani," kijana akamjibu kabla yangu, na nikaona kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo.

Kwa yote haya ninawapa alama 6 kwa 10. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi na kuendelea, mpeleke, na mkae viti vya mbele, mbali na dirisha la jenereta, ili aione namba ikishuka kutoka 212 hadi 209. Mdogo zaidi ya hapo atalala wakati wa picha na kuamka kwa ajili ya maandazi. Vaeni makoti mazito, na mpangeni mapema na dereva wa teksi, kwa sababu mnatoka karibu saa nne na nusu usiku na barabara ile huwa tupu. Kuhusu tangazo, nilipita dukani Jumatatu nikaliona bado liko ukutani na ahadi yake ile ile ya macho yetu wenyewe. Nimewaandikia waandaaji kuwaomba walibadilishe kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo wamesema watarudia.